Suzuki ya Baba Yaongezwa Nguvu

Jumamosi, 4 Agosti 2007

Kikao cha familia leo nyumbani kwa Mama. Ajenda ilikuwa moja tu: nani atambeba bibi harusi. Dada yangu Anyango anaolewa na Ephantus tarehe ishirini na tano mwezi huu. Ibada ni hapa Nakuru, halafu msafara mzima utaelekea kwao Ephantus, juu mlimani kule Subukia, ambako ndiko kuna karamu.

Mimi nilidhani swali hilo lina jibu tayari. Gari ni Suzuki ya marehemu Baba. Dereva ni mimi, Jerry Owino, mwana wa kiume wa pekee, karani wa stoo ya nafaka Rongai, mtu ambaye hajawahi kugonga kitu chochote kinachotembea. Baba alinunua ile Suzuki alipostaafu reli, na kila alipoiosha alisema siku ya Anyango ataendesha mwenyewe. Baba hayupo. Gari lipo.

Kumbe Ephantus amekuja na msimamizi wake, Kosgei. Walisoma pamoja chuoni Njoro. Siku hizi Kosgei analima ngano Rongai na ana pikapu ya milango minne, nyeupe, ndefu kama darasa. Akasema kwa upole kwamba ikiwa familia haitajali, yuko tayari kumbeba bibi harusi. Kwa upole! Mtu akikupora kwa nguvu unapiga nduru. Akikupora kwa upole utafanya nini?

Anyango akasema yeye hana neno, ila Suzuki inafanana na debe la biskuti. Wote wakacheka. Kosgei alicheka kidogo kuliko wengine ili aonekane ana adabu. Mama amesema atafikiria.

Jumapili, 5 Agosti

Nimewaza wakati wote wa mahubiri. Pikapu ya Kosgei inapendeza kwa nini? Tairi! Ukizitoa zile tairi inabaki kitanda tu. Kwa hivyo shida ya Suzuki si Suzuki, ni miguu. Nimefurahi hata nikatoa sadaka mara mbili, ya pili kwa bahati mbaya.

Jumanne, 7 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda kwa Surinder, mwenye duka la spea. Ujanani Surinder alikuwa msoma ramani katika mbio za magari, na kila kitu dukani mwake anasema kilitoka kwenye gari lililoshinda. Ukimsikiliza, nchi hii haijawahi kuwa na gari lililoshindwa. Amenitolea tairi nne kubwa zilizokuwa nyuma ya mlango. Akazipigapiga kama mtu anayeuza ng'ombe. Zilishinda, akasema. Sikuuliza zilishinda nani.

Fundi wangu ni Wasike, pale jua kali. Tairi zilikataa kuingia chini ya mabawa ya gari, yale mabati yanayofunika magurudumu, basi Wasike akachukua msumeno akayakata. Suzuki sasa iko juu. Kupanda ndani lazima ushike mlango na uombe Mungu.

Nikaipeleka kwa Mama nikapiga honi. Anyango alitoka, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema sasa ni debe la biskuti lililovaa gambuti.

Alhamisi, 9 Agosti

Msiba. Nimejaribu kupanda mlima Menengai jioni, kupima tu. Gari lilianza vizuri, likaenda likipunguza mwendo kidogo kidogo, halafu likawa linatetemeka mahali pamoja huku mimi nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Punda wa kubeba maji akanipita. Punda! Mwenye punda aliniuliza, boss, nikusukume? Nilimwambia naangalia mandhari.

Wasike anasema tairi kubwa ni mzigo kwa injini ndogo. Anyango, ambaye amesomea ushonaji, akauliza kwa nini nisirudishe tairi za zamani. Nikamweleza kwamba mambo ya mitambo hayaendi hivyo. Akasema haya.

Mbaya zaidi, Mama ametoa uamuzi. Gari litakalombeba binti yake lazima kwanza limbebe yeye mwenyewe hadi juu Menengai, bila kusimama njiani. Mtihani ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nikishindwa, Anyango atapanda pikapu. Nimesema sawa, Mama. Mdomo tu ndio uliosema.

Jumamosi, 11 Agosti

Wasike ni mtu wa fikra. Anasema injini ya Suzuki ina nguvu za kutosha tangu izaliwe, ila nguvu hizo zinaliwa na wategemezi. Akanipa mfano wa mshahara wa mwalimu. Mwalimu halipwi vibaya, lakini kuna shemeji, kuna mpwa, kuna mjomba aliyekuja kutibiwa macho miaka minne iliyopita na bado yupo. Ukiwafukuza wote, mwalimu ni tajiri. Sijawahi kuelezwa habari za injini nikazielewa hivi.

Leo tumefukuza watatu. Kwanza kichungi cha hewa, kwa sababu kinaibana injini pumzi. Pili kile kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke kabla injini haijapata joto. Mafundi wote hapa mjini hukitoa na kukitupa, na Wasike anacho kimoja anakitumia kuzuia mlango usijifunge. Tatu silensa.

Tulipowasha, kuku wa jirani walivuka barabara na bado hawajarudi.

Jumapili, 12 Agosti

Nimefika kanisani kwa gari. Mchungaji alikuwa katikati ya sala. Akanyamaza, akangoja nizime, halafu akaombea amani nchi nzima.

Jumatatu, 13 Agosti

Kosgei amekuja stooni kuleta magunia yake. Sikutaka kumpimia, lakini ndiyo kazi. Akanivuta kando. Nikajiandaa kwa dharau. Badala yake akaniambia amesikia Suzuki ina shida kidogo, na kwamba kama napenda, siku ya harusi nichukue pikapu yake niendeshe mimi mwenyewe. Yeye atakaa nyuma na maua. Muhimu ni kwamba kaka mtu ampeleke dada yake, akasema, gari ni chuma tu.

Ujanja wa hali ya juu! Nimpeleke Anyango kwa gari la Kosgei, halafu picha zikae kwenye kuta za watu miaka hamsini, watoto wakiuliza ile gari nzuri ni ya nani? Nikamshukuru, nikasema nitafikiria. Sikufikiria hata kidogo. Nilimpimia magunia yake yote bila kosa ili asipate la kusema.

Jumatano, 15 Agosti

Siku kubwa. Nguvu sasa zimeingia kwa kweli.

Surinder ameniuzia kabureta ya gari kubwa. Ilishinda. Ni pana mara mbili ya ile ya kwetu, na Wasike amelazimika kuifunga kwa kipande cha kandambili ili isivuje. Pia amesaga kichwa cha injini kwa chini ili petroli ibanwe zaidi na ilipuke kwa hasira. Halafu tukaendelea na wategemezi. Shafti ya kuzungusha magurudumu ya mbele, nje. Ule mkono mdogo wa gia nzito za matope, nje, maana sisi tunakwenda harusini, si matopeni. Feni ya redieta, nje. Wasike alinionyesha kwa mkono jinsi feni ilivyo nzito kuzungusha. Nilisikitika kufikiria Baba alivyoilisha feni hiyo miaka yote bila kujua.

Tulipowasha mara ya kwanza nilikuwa nimeinama juu ya kabureta kutazama. Moto ukatoka, ukaniangalia, ukarudi ndani. Sina nyusi tena.

Mama ameuliza nyusi ziko wapi. Nikasema vijana wa siku hizi wanazinyoa. Akanikumbusha nina miaka arobaini na moja.

Jumamosi, 18 Agosti

NIMEFAULU! Naandika polepole ili nisisahau kitu.

Mama alipanda kwa msaada wa stuli ya jikoni. Alikuwa na kibeti chake na kitabu cha nyimbo. Anyango na Ephantus walitusindikiza hadi getini wakiwa wameziba masikio. Nikaingiza gia ya kwanza, na Suzuki ikaruka kama imeumwa na siafu. Mama alianza kuimba kuanzia nyumba za mwisho za mtaa. Kadiri mlima ulivyosimama ndivyo alivyopandisha sauti, na kadiri alivyopandisha sauti ndivyo nilivyokanyaga. Tulimpita yule punda. Nilimpungia mkono mwenye punda. Hakusimama mtu yeyote njiani, haukusimama hata wimbo.

Tulipofika juu boneti ilianza kutoa moshi mweupe. Nikazima haraka, nikamwambia Mama nimesimama ili aone shimo la volkeno la Menengai. Akashuka, akatazama. Alisema hajafika pale tangu Baba alipomleta wakiwa wachumba. Akasimama pale ukingoni, nami nikasimama naye. Baadaye akaniuliza kama ule mvuke uliokuwa nyuma yetu ni wa Menengai. Nikasema ni wa Menengai. Akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Tuliangalia kazi ya Mungu hadi injini ikapoa.

Nyumbani Mama ametangaza mbele ya wote: Jerry ndiye atampeleka Anyango. Kosgei alinipa mkono wa pongezi. Nikauminya zaidi ya inavyohitajika. Kwa kweli nimelia kidogo bafuni.

Jumatatu, 20 Agosti

Nimemweleza Wasike kuhusu ule mvuke. Anasema nilikwenda polepole mno. Feni ni ya watu waoga, mwenye mwendo hupozwa na upepo. Pia nimemwambia gia ya kwanza inatoa sauti kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Amesikiliza kwa makini. Anasema hiyo ni sauti ya nguvu mpya, itazoea.

Ijumaa, 24 Agosti

Nimeosha gari. Mvua imenyesha. Nimeosha tena.

Jumamosi, 25 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naandikia sebuleni kwao Ephantus, na watu bado wanacheza nje.

Asubuhi kabla ya kutoka, Anyango aliniita chumbani. Alikuwa amekwisha kuvaa. Sikujua niseme nini, nikasema umependeza, kama watu wote. Akanikalisha kwenye stuli, akachukua kalamu yake ya wanja akanichora nyusi, upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Alikuwa ameng'ata ulimi pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni akiandika jina lake. Akasema siku ya leo asipelekwe na mtu asiye na uso.

Ibada ilikwenda vizuri. Maharusi wakapanda nyuma ya Suzuki. Mimi mbele peke yangu, suti ya Baba, utepe mweupe kwenye boneti. Nyuma yetu pikapu ya Kosgei na wasimamizi, nyuma yake magari ya jamaa, na mwisho basi la kanisa na Mama ndani. Desturi ya msafara kila mtu anaijua: hakuna anayelipita gari la bibi harusi. Likikimbia mnakimbia, likitambaa mnatambaa.

Hadi Bahati na kushuka kuingia Subukia tulikimbia. Ephantus alijaribu kuniambia jambo mara kadhaa, ila kwa kelele za injini niliona midomo tu. Watu walitoka mashambani kututazama. Niliwahi kuwa na furaha maishani, lakini si ya namna hiyo.

Halafu tukaacha lami. Njia ya kwenda kwao Ephantus ni ya murramu, inapanda katikati ya kahawa, na jana ilinyeshewa. Hapo mwendo ulipungua, na upepo wa Wasike ukapungua nao. Mvuke ukafunika kioo chote. Nikasimama. Msafara mzima ukasimama.

Maji tuliyapata kwa nani? Kwa Kosgei, bila shaka. Alikuwa amebeba mitungi ya maji ya wageni kunawa mikono. Akaileta mwenyewe, akamimina mwenyewe, hakusema neno. Nilitamani aseme neno.

Nikawasha. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi kwa ujasiri. Kulikuwa na mlio mmoja tu, mkavu. Baada ya hapo gia ya kwanza haikuwapo tena duniani. Nikajaribu ya pili, injini ikazima. Nikajaribu tena, ikazima. Kosgei akaja dirishani na kamba mkononi, akaishika chini ya kiuno watu wasiione. Nikamwambia hapana.

Anyango akainama mbele. Akaniuliza, Jerry, tutafika kweli? Nikamwambia tutafika. Sikujua kwa njia gani. Nilijua tu kwamba siwezi kumwambia jambo lingine akiwa amevaa lile gauni.

Ndipo nikakumbuka ya kurudi nyuma. Gia ya kurudi nyuma ilikuwa nzima, na yenyewe ina nguvu! Nikawaomba walio nyuma wasogee chini kidogo. Nikaliachia gari liteleze hadi kwenye lango la shamba la mtu, nikakata usukani, likageuka pua ikaelekea bondeni. Halafu nikaingiza ya kurudi nyuma nikakanyaga. Suzuki ikapanda! Ikapanda kinyumenyume, ikinguruma, tope likiruka, bila kuteleza hata mara moja.

Ila sikuwa nimelifikiria jambo moja. Msafara ulikuwa unatufuata, na sisi sasa tulikuwa tunautazama. Pua ya Suzuki ilikuwa mbele ya pua ya pikapu. Kila nilipogeuza kichwa mbele kupumzisha shingo, nilimkuta Kosgei ananitazama machoni. Mlima wote. Mara moja alinipungia mkono. Nikampungia.

Getini wanawake wa kwao walikuwa wameshuka na nyimbo kumpokea bibi harusi. Wakaona tairi ya akiba iliyo mgongoni mwa gari inakuja. Wimbo ukakatika. Nyanyake Ephantus, ambaye wote wanamwita Cucu, ni mdogo wa umbo lakini hana haja ya kupaza sauti. Akaagiza lango lifungwe. Akasema bibi harusi hawezi kuletwa uso ukiwa umeangalia kwao alikotoka. Akiingia hivyo, kabla mahindi hayajakauka atakuwa amerudi kwao. Niligeuze gari niingie vizuri.

Nikamweleza Cucu kuhusu gia ya kwanza. Akasema yeye haijui hiyo gia ya kwanza, wala haijaalikwa.

Ephantus alibembeleza. Mashangazi walibembeleza. Lango halikufunguka. Mtu mmoja akasema si kuna pikapu hapo, bibi harusi ahamie, aingie kwa heshima. Kila mtu akaona ni jambo la busara. Kosgei peke yake ndiye aliyetazama viatu vyake. Nilishika usukani wa Baba kwa mikono miwili, na nakiri nililia, mbele za watu, na wanja wote ukashuka mashavuni.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikajua amehama. Kumbe alizunguka akaja upande wangu, akafungua mlango, gauni lote liko topeni. Akaniambia nishuke. Nilidhani atanipiga. Akanishika mkono, akasema Baba angetembea naye, basi na mimi nitembee naye, na nifute uso kwanza kwa sababu nafanana na pundamilia.

Tukaenda hivyo, mimi kulia, Ephantus kushoto, yeye katikati, nyuso zote zikiangalia mbele. Cucu alitutazama hadi tukamkaribia. Halafu akapiga kigelegele yeye wa kwanza, na wanawake wakapokea, na lango likafunguka. Ilikuwa hatua chache tu. Nimempeleka. Mimi mwenyewe nimempeleka.

Jumapili, 26 Agosti

Nimerudi Nakuru nyuma ya pikapu ya Kosgei, pamoja na sufuria zilizokodishwa. Suzuki imebaki kwao Ephantus. Mbuzi wamelala juu yake.

Njia nzima watu walisifu jinsi nilivyotembea na dada yangu. Kanisani pia. Mama amenishika mkono akasema ile sehemu ya kutembea ndiyo Baba angeipenda kuliko yote. Mchungaji amesema kumbe gari si kitu. Niliitikia amina, kwa heshima tu.

Jumamosi, 1 Septemba

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimelitafakari jambo hili wiki nzima kwa utulivu, bila jazba, na nimepata jibu. Kosa halikuwa kwenye injini. Injini ilifanya kazi nzuri mno, ndiyo maana gia haikuweza kuivumilia. Lau gia ingekuwa imara, Anyango asingelazimika kukanyaga tope hata kidogo, na watu wangekuwa wanasifu gari hadi leo. Nashangaa hakuna aliyeliona hili isipokuwa mimi na Wasike.

Leo tumeshinda hapa kwao Ephantus, mimi na Wasike, na gia ambazo Surinder ameniuzia. Zilishinda. Zimeingia kwa nyundo. Kesho maharusi wanashuka Nakuru kumsalimu Mama rasmi, kama ilivyo desturi baada ya wiki ya kwanza. Kosgei alijitolea kuja kuwachukua. Kwa upole. Nikamwambia asisumbuke, gari liko papa hapa na kaka mtu yupo. Anyango alicheka sana, akasema atapanda, mradi asiambiwe aangalie nyuma. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kuandika.

Jioni tulipokuwa tukilisukuma gari kutoka zizini tuliona ni zito. Wasike akainama, akazungusha gurudumu kwa mkono. Lilikuwa linakwamakwama. Akaenda la pili, la tatu, la nne, yote hivyo hivyo. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Kumbe muda huu wote ni breki! Zimelishikilia gari kama mtoto anayeshika gauni la mama yake sokoni, na sisi tunahangaika na kabureta.

Kutoka hapa hadi lami ni mteremko mtupu, na mteremko hauhitaji nguvu nyingi. Ukiziondoa breki, haiwezekani mtu yeyote atufikie. Wasike ameshafungua mbili, kesho asubuhi anamalizia zilizobaki. Nimemwambia Anyango atakaa mbele, aone vizuri.